Majivu ya Benadetha kwenye Kipande Namba Saba

Mtu akishuka Mingoyo, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Mtwara na nyingine ikipanda bara, akauliza ni nani wa hapa aliyewahi kuwafundisha kazi madaktari wa chuo kikuu, hatasubiri jibu. Ataoneshwa nyumba ya Benadetha Likwata, nusu bati nusu makuti, na kila anayemwonesha atadai undugu naye. Muuza maandazi atasema ni shangazi yake. Fundi baiskeli ataapa kwamba walichunga mbuzi pamoja, ingawa Benadetha hajawahi kuchunga hata kuku. Wale waliomcheka mwaka 2004 ndio leo wamekuwa ndugu wa tumbo moja. Ndivyo tulivyo watu wa huku, undugu wetu huota haraka penye sifa.

Na sifa zipo, wala si za kuazima. Basi kaa vizuri, wewe uliyesoma ukafika mbali, uone mtu wa darasa la saba naye alikofika.

Benadetha ni binti wa mzee Rafaeli Likwata, Mmakonde aliyeteremka kutoka kule juu kwao akaja kulima mikorosho karibu na Mingoyo. Alipotimiza miaka kumi na minane aliingia kiwandani, kubangua korosho. Asiyewahi kubangua hudhani ni kazi ya kukaa na kupiga soga. Soga zilikuwapo, tena za kutosha, lakini ganda la korosho lina mafuta meusi yasiyo na adabu. Yakikugusa, ngozi inachubuka kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Kiwanda kilikuwa kikitoa mafuta ya nyonyo ya kujipaka mikononi, ila mafuta hayo yalikuwa yakiisha kabla ya mwezi. Basi wabanguaji wakarudi kwenye dawa ya bibi zao. Kila mmoja alikuja na kopo la majivu ya jikoni. Alijisugua vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko, ndipo akakaa. Ukiingia asubuhi ungedhani umekuta mkutano wa mizimu, mikono myeupe tupu, na katikati ya mizimu hiyo Benadetha akicheka kuliko wote.

Miaka minane alibangua. Hakuna aliyemfikia kwa wepesi, na yeye mwenyewe hakumwacha mtu asahau jambo hilo.

Halafu zikaja zama za ruksa. Biashara ikawa huria, wanunuzi wakaja na mizani zao, na korosho zetu zikaanza kupanda meli na maganda yake, kwenda kubanguliwa India. Fikiria hilo. Ganda la Mingoyo likasafiri ng'ambo, na mwenye mkorosho hajafika hata Kilwa! Kiwanda kikanyamaza, popo wakahamia. Benadetha akabaki anabangua nyumbani, anakaanga, anawauzia abiria wa mabasi pale njia panda, na yule aliyekuwa jirani yake wa benchi kiwandani, Zakia, akaolewa Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi.

Hapo njia panda ndipo Dokta Evaristo alipomkuta. Huyu alikuwa kijana wa Masasi aliyesomea kemia hadi kukosa nywele utosini akiwa na miaka thelathini na mitano. Alishuka kwenye gari, akanunua korosho, akala, halafu akauliza jambo ambalo abiria haulizi.

"Shikamoo mama. Maganda yake mnapeleka wapi?"

"Marahaba, japo umenizeesha. Maganda tunachoma. Kwani unataka kula na maganda?"

"Nataka mafuta yake."

Benadetha akamtazama kuanzia viatu mpaka ule utosi. "Baba, mafuta hayo yameondoa ngozi za watu hapa. Hizo nywele zako yamekwisha zigusa nini?"

Dereva aliangua kicheko mpaka akaegemea honi. Dokta naye akacheka, na siku ileile akamwajiri. Kazi yenyewe ilikuwa kukamua mafuta ya maganda na kuosha vyombo vya maabara. Kituo kilikuwa Mitwero, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na paa la bati. Benadetha akahamia kwa Zakia siku za kazi, Jumamosi anarudi Mingoyo.

Sasa utauliza, mafuta machafu yale na maabara wapi na wapi. Nikutoe ushamba? Hapana, tuutoe pamoja.

Paneli ya jua unayoijua, ile ya bluu iliyo juu ya zahanati, imetengenezwa kwa silikoni iliyoyeyushwa kwenye tanuru huko nje. Ni nzito, na kuitengeneza kunakula moto mwingi. Dokta Evaristo na wenzake walitaka paneli ya polima. Polima si mdudu. Ni vitu vidogo sana vilivyoshikana mikono kwa mstari mrefu, kama akina mama kwenye ngoma, mmoja akisukumwa wote wanayumba. Plastiki ni polima, mpira ni polima. Na ipo polima moja ya ajabu, nyekundu kama sharubati ya rosela, ambayo ukiipaka kwenye kioo mithili ya rangi, juu yake ukaweka utando mwembamba wa alumini, jua likiipiga inatoa umeme. Kidogo, lakini ni umeme. Hakuna tanuru wala moshi, na ikichoka huachi sumu nyuma yako.

Ubaya wake ni kwamba polima hiyo ni laini kama mtoto wa mfalme. Ikiguswa na hewa yenye unyevu inaugua, ikiguswa na chumvi inakufa. Ndiyo maana waliileta Lindi, ambako hewa yote ni unyevu na chumvi. Ikiishi hapa, itaishi popote. Ilihitaji kufunikwa kwa vanishi nzuri isiyopitisha kitu. Vanishi za dukani zilikuwa na vimiminika vya kuumiza kifua, na nia yote ilikuwa kutengeneza kitu kisichoumiza mtu wala ardhi. Dokta akasema vanishi hiyo itatoka kwenye mafuta ya ganda la korosho, ambayo yenyewe yakipikwa hushikana mikono yakawa polima. Kitu tunachokitupa kikilinde kitu kinachotuwashia taa. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba halikufanya kazi.

Walitengeneza vipande kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, wakavipanga juu ya bati. Nassibu, fundi sanifu kutoka Dar es Salaam, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua na pikipiki, ndiye aliyepanda kila asubuhi na mita kuvipima. Siku ya nne ilikuta nusu vimekufa. Siku ya sita vyote. Ile alumini iliyokuwa inang'aa kama kioo cha kujitazamia iligeuka kijivu, ikatoboka. Wakatengeneza kumi na viwili vingine. Vikafa. Vingine tena. Mazishi.

"Bi Bena," alisema Nassibu akishuka ngazi, "leo msiba tena. Anzeni kupika ubwabwa."

"Shuka polepole mdogo wangu, usije ukaongeza wa kumi na tatu."

Utani ulikuwapo, lakini nyuso zilianza kunywea, kwa sababu wafadhili walikwisha andika barua. Ifikapo mwisho wa mwezi wa tisa, vipande vinne vya kundi moja viwe vimefikisha siku thelathini vikiwa hai juu ya bati la Mitwero. Vinne, kwa kuwa vinne vikiunganishwa vinaweza kuwasha kalkuleta ndogo, na wafadhili walitaka kuona kitu kinawaka. Visipofika, kituo kinafungwa, Dokta anarudi chuoni, Nassibu anarudi Dar, na Benadetha anarudi njia panda kukimbizana na mabasi. Yeye hakuogopa mabasi. Alichokiogopa ni kuambiwa na Mingoyo nzima, "Si tulikuambia? Maganda ni ya kuchoma."

Katikati ya mwezi wa saba wakapanga kundi la nne. Vanishi ya kila kipande ilikorogwa kwenye kikombe chake, na kukorogwa huko Benadetha ndiye aliyekuwa akikuandalia mafuta, kikombe kwa kikombe, akikamua maganda mabichi kwa mikono. Sheria ya maabara ilikuwa moja na ilibandikwa ukutani: hakuna kugusa kitu bila glovu. Siku hiyo alipomaliza kikombe cha sita, glovu zikapasuka. Akaenda kwenye boksi. Boksi tupu. Nassibu alikuwa amezitumia za mwisho kuoshea pikipiki yake, asichafuke kucha.

"Nakwenda mjini kununua, Bi Bena. Nusu saa tu. Usimwambie Dokta."

Lakini mafuta yakishakamuliwa hayasubiri pikipiki ya mtu, na vipimo vya kikombe cha saba vilikwisha wekwa mezani. Mikono ya Benadetha ikafanya ilichokifanya miaka minane. Ilitoka uani, kwenye jiko la mlinzi, ikachota majivu, ikajisugua mpaka viwikoni, ikarudi kukamua. Yeye mwenyewe anasema hakukumbuka sheria wala ukuta. Vumbi la majivu likamwagika kikombeni, mafuta yakawa kama uji wa ulezi. Akayachuja kwa kitambaa, yakasafika, akanyamaza. Nassibu akarudi na glovu, na kuanzia cha nane mpaka cha kumi na mbili kazi ikaenda kwa sheria.

Siku ya tano vipande vitatu vikafa. Siku ya saba vilivyokufa vikafika kumi na kimoja.

Namba saba kilikuwa hai.

Siku ya kumi kilikuwa hai. Siku ya kumi na tano Dokta Evaristo aliacha kula mchana, akawa anakaa kwenye ngazi anakitazama kipande kile kama mtu aliyemwona mke wake wa kwanza sokoni. Alipima upepo. Alikihamisha kutoka kona hii ya bati hadi ile, akidhani siri ni mahali. Alitengeneza kundi la tano kwa sheria zote, tena safari hii akisimamia mwenyewe. Likafa lote ndani ya juma moja, na namba saba kikazidi kutoa umeme wake mdogo bila kumjali mtu.

Benadetha alijua. Alijua tangu siku ya kumi. Jioni, wakichambua mchele, alimwambia Zakia.

"Shoga, lile kopo letu la kiwandani limenifuata mpaka maabara."

Zakia aliposikia yote, aliweka ungo chini. "Basi kamwambie mtu wa watu. Anakonda!"

"Nikimwambia nimevunja sheria ya ukutani, ananifukuza. Na Nassibu naye anaondoka, kwa ajili ya pikipiki."

"Na usipomwambia?"

"Wanafunga."

"Kwa hiyo ukisema unafukuzwa peke yako, usiposema mnafukuzwa wote," alisema Zakia, akarudi kwenye mchele wake. "Nyie Wamakonde hesabu hamkufundishwa?"

Nassibu, alipodokezwa na Benadetha habari ya majivu, alimfuata kisimani asubuhi, mpole kama kondoo. "Bi Bena, tuuchune. Mimi nina mkataba wa miaka miwili, mama yangu kule Temeke ananitegemea. Tufanye kimya kimya, uweke majivu bila Dokta kujua, vitapona, kila mtu salama. Au vipi?"

Na usimwone Benadetha malaika. Alifikiria. Siku tatu nzima alifikiria hivyo hivyo. Kilichomzuia hakikuwa utakatifu, ilikuwa ni jeuri yake. Alijiona amekaa kimya maisha yake yote yaliyobaki, vipande vinawaka, Dokta anasifiwa kwamba kagundua kitu, na yeye aliyekigundua anafuta meza. Hilo lilimshinda kumeza.

Tarehe ishirini na saba mwezi wa nane, Dokta Evaristo alishusha namba saba kutoka kwenye bati. Kilikuwa na siku arobaini na mbili. Alikiweka mezani, akashika kisu chembamba.

"Nitakipasua," alisema. "Sina njia nyingine. Nitazame ndani ya vanishi kuna nini. Kitakufa, lakini kitanieleza."

Nassibu alitazama dari. Benadetha alikuwa anasuuza chupa. Akafunga bomba.

"Dokta, weka kisu chini. Kipande hicho hakina la kukueleza. Mwenye la kueleza ni mimi."

Akasema yote. Boksi tupu, jiko la mlinzi, majivu, kitambaa. Habari ya pikipiki aliiruka, akasema tu kwamba glovu ziliisha. Uso wa Dokta ulibadilika, na alipofungua mdomo sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Siku arobaini na mbili! Nimehamisha kipande kama mwendawazimu, wewe unanitazama? Na sheria ile ukutani ni pambo? Ungeingiza kitu kingine, ungetia sumu, ungeungua macho, mimi ningemwambia nini mzee Rafaeli?"

"Ungemwambia binti yake ni mkaidi. Analijua hilo tangu zamani."

"Sicheki, Bi Benadetha!"

"Hata mimi sicheki. Kama ni kunifukuza, nifukuze. Lakini usikipasue. Kimepambana kuliko sisi wote humu."

Hapo Nassibu akakohoa. Alikuwa amejificha nyuma ya jokofu, sasa akatoka, akavua ile miwani. "Dokta, glovu nilizimaliza mimi. Niliosha pikipiki."

Dokta akaweka kisu chini. Halafu, kama mtu aliyechoka kukasirika, akavuta kiti.

"Majivu ya mti gani?"

"Kuni za mkorosho na vifuu vya nazi. Mlinzi hapikii kitu kingine."

Alichukua karatasi ya kupimia, ile inayobadilika rangi, akaichovya kwenye mafuta mabichi. Ikawa nyekundu. Akakoroga majivu kidogo kwenye maji, akachovya nyingine. Ikawa bluu. Akakaa anazitazama karatasi mbili zile, moja mkono huu, moja mkono ule, kisha akajipiga paji la uso mpaka ule utosi ukawa mwekundu nao.

"Asidi," alisema. "Mafuta ya ganda yana asidi. Tumekuwa tukiilinda polima na chumvi ya nje, na huku tumefungia ndani kitu kinachokula alumini. Tumemfungia mwizi chumbani na mali. Majivu yameizima asidi."

"Basi ndiyo maana hayakutuunguza kiwandani," alisema Benadetha.

"Ndiyo maana."

"Miaka minane nilikuwa nafanya kemia, na mwajiri hakuniambia!"

Hapo ndipo Dokta alipocheka. Lakini usidhani alisahau. Siku hiyo hiyo aliandika barua mbili za karipio, moja ya Benadetha, moja ya Nassibu, zikatiwa saini na kufungwa kwenye faili. Na siku hiyo hiyo Benadetha aliacha kuosha chupa, akakabidhiwa vanishi. Chupa alipewa Nassibu.

Majivu makavu, Benadetha alisema, yanachafua, kazi ya siku ile ilikuwa ya dharura. Jikoni mtu akitaka mboga ngumu ilainike haweki majivu, anaweka maji yake. Akatafuta chungu kilichotobolewa chini, akakipakia majivu yaliyochekechwa, akamimina maji juu, akaacha yadondoke tone kwa tone, ya rangi ya chai ya rangi. Maji hayo akayachanganya na mafuta ya maganda, akatikisa, akayaacha yatulie. Asubuhi palikuwa na tope zito chini na mafuta yaliyotakata juu. Akayaengua mafuta, akayachemsha mpaka maji yote yakatoka na mapovu yakaisha, na safari hii alivaa glovu mpaka karibu na makwapa, Dokta akimsimamia kama askari wa gereza.

Dokta aliandika kila kitu. "Maji kiasi gani?"

"Mpaka yatoshe."

"Bi Benadetha, 'yatoshe' haiandikwi kwenye ripoti."

Wakabishana siku nzima juu ya neno hilo, mpaka likageuka kuwa vikombe, vikombe vikageuka mililita, na karatasi ya bluu ikawa ndiyo mwamuzi. Na hapo Benadetha alijifunza jambo, ingawa alikataa kukiri hadi mwaka uliofuata: mkono wake ulikuwa unajua, lakini ulikuwa haujui kueleza.

Tarehe thelathini mwezi wa nane, vipande kumi na viwili vipya vikapanda juu ya bati, namba saba kikabaki kabatini. Siku thelathini zilizobaki zilikuwa ndizo hizo hizo, hakuna ya akiba.

Siku ya tano kikafa kimoja. Siku ya sita viwili. Benadetha hakula. Alimwambia Zakia kwamba huenda namba saba kilikuwa bahati tu, kama mtu anayefunga goli kwa kisigino asijue alivyofunga. Zakia akamwambia ale wali, goli ni goli.

Halafu vifo vikapungua. Siku ya kumi, tisa hai. Siku ya kumi na nane, nane. Mingoyo ilikwisha pata habari, na kila Jumamosi watu walimsubiri njia panda kumuuliza kama wanavyouliza matokeo ya mpira. "Vimebaki vingapi?" "Saba." "Aa, mtafungwa nyie!" Siku ya ishirini na nne upepo wa pwani ulivuma siku mbili mfululizo, ukaacha chumvi nyeupe juu ya bati. Ukafuta viwili. Siku ya ishirini na nane kimoja kikaanza kusuasua, mshale wa mita ukawa unapanda nusu na kushuka. Nassibu, aliyekuwa akipanda ngazi kwa mbwembwe, sasa alipanda kwa kunyata.

Tarehe ishirini na tisa mwezi wa tisa, siku ya thelathini, Profesa Skolastika alifika kutoka Dar es Salaam kwa niaba ya wafadhili. Mama wa makamo, viatu vya chini, macho yasiyopepesa. Barabara ilikuwa imemtikisa tangu Somanga na hakuwa na hamu ya hotuba. "Twende kwenye bati," alisema.

Nassibu akashusha vilivyobaki. Vilikuwa vinne. Si vitano, si vitatu. Kile kilichokuwa kinasuasua kilikuwa kimekata roho alfajiri.

Wakavitoa uani juani, wakaviunganisha kwa nyaya, na Dokta akagusisha nyaya kwenye kalkuleta iliyotolewa betri. Kioo cheusi. Akagusisha tena. Kitupu. Benadetha akaona waya mmoja umekaa juu ya vanishi na si kwenye alumini. Akausogeza kwa ukucha.

Sifuri ikatokea.

Ilikuwa ndogo, kijivu, pembeni mwa kioo. Na watu wazima walishangilia sifuri! Mlinzi alipiga vigelegele kama mwanamke. Nassibu alimbeba Dokta. Zakia, aliyekuwa amechungulia juu ya ua tangu asubuhi, aliuliza kwa sauti, "Siku thelathini mmelea sifuri?"

Profesa hakushangilia. Aliiminya kalkuleta, akajumlisha, akagawa, akaona inajibu. Kisha akageuka.

"Vanishi hii kaipika nani?"

Ulikuwa wakati wa Dokta kusema "sisi." Wengi wangesema. Yeye akamsukuma Benadetha mbele kwa mgongo.

"Shikamoo Profesa," alisema Benadetha.

"Marahaba. Vipande vinne kati ya kumi na viwili si vingi."

"Si vingi. Lakini kabla ya hapo vilikuwa havipo kabisa."

"Na ikiwa ni mkono wako tu? Kuna wapishi wa namna hiyo, akiondoka, chakula kinaondoka naye. Mimi siwezi kuendeleza kituo kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja. Mtu mwingine akifanya, itakuwa hivi?"

Dokta alitaka kujibu. Benadetha akamuwahi. "Profesa, umechoka na safari?"

"Nimechoka."

"Pole. Basi kunywa chai, halafu vaa glovu. Utafanya wewe."

Nassibu alisimulia baadaye kwamba Dokta alifumba macho pale. Lakini Profesa Skolastika alinywa chai, akakunja mikono ya gauni, akavaa glovu. Benadetha alikaa kwenye kiti mbali na meza, mikono mapajani ili asijaribiwe kusaidia, akawa anasoma yale maandishi ya Dokta kwa sauti, mstari kwa mstari. Profesa akatoboa chungu. Akachekecha majivu, yakamwingia puani, akapiga chafya tatu. Akakamua maganda. Akachovya karatasi.

"Bado ni nyekundu," alisema.

"Ongeza mililita tano, Profesa. Si 'mpaka yatoshe.' Tano."

Akaongeza, akatikisa, akachovya tena. Bluu. Asubuhi ya pili alikuta tope lake chini na mafuta yake juu, yametakata sawasawa na ya Benadetha, na akayainua kwenye mwanga akayatazama kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoitazama ile kalkuleta. Kisha akaomba kalamu. Kituo kikapata miaka miwili mingine. Kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti akaagiza majina yawe matatu: la Dokta Evaristo, la Nassibu, na la Benadetha Likwata, fundi wa vanishi, likitangulia mengine mawili.

Benadetha alifika Mingoyo Jumamosi na nakala ya ripoti hiyo kwenye mfuko wa rambo, imeandikwa Kiingereza tupu. Mzee Rafaeli alivaa miwani, akaupitia ukurasa wa kwanza kwa kidole, akafika kwenye jina la ukoo wake, akasimama hapo.

"Haya mengine yanasemaje?" aliuliza.

"Yanasema tufanye tena, baba, safari hii vipone vipande vinane," alijibu Benadetha, akaingia ndani kutafuta majivu.